Aliyeumwa ni Mwenzangu

Macho yangu yalipogeuka mekundu, wa kwanza kuyaona hakuwa mimi. Alikuwa mvuvi mmoja aliyekuja dukani kwangu, Ilemela, kununua kamba. Alikuwa ameshaivuta na kuipima kwa mikono yake, ameridhika nayo, akainua uso aniulize bei. Kisha akairudisha kamba mezani taratibu, akasema amekumbuka jambo, atapita kesho. Hakupita. Nilidhani bei imemshinda kabla sijaitaja. Niliingia nyuma ya duka kunawa uso, nikajitazama kwenye kioo kidogo kilichotundikwa juu ya ndoo ya maji, nikamwona mwanamke mwenye damu machoni. Hakuwa na tongotongo wala machozi, na hakuna kilichomwasha. Alikuwa ananitazama tu.

Kwetu Usukumani macho mekundu si jambo la kuchekea. Wako bibi zetu walioyapata macho ya rangi hiyo kwa kupikia kuni na samadi maisha yao yote, wakaitwa wachawi na wakauawa kwa sababu yake, na waliowaua wakarudi nyumbani wakala ugali. Nasema kwa hasira kwa sababu nina hasira. Hata mjini, hata mtu aliyesoma, akikutana na macho ya namna ile anarudi nyuma hatua moja kabla hajajua kwamba amerudi. Siku ile walirudi nyuma wengi. Jioni nilifunga duka mapema nikajiambia ni vumbi.

Haikuwa vumbi, lakini ili nieleweke lazima nianze na pacha wangu.

Tulizaliwa siku moja, mimi nikitangulia, na tulifanana mpaka walimu walituchoka. Mama yetu tunamwita Mayu, kama watoto wengi wa Kisukuma wanavyowaita mama zao. Alitulea Buhongwa wakati Buhongwa ilikuwa bado mihogo na mawe, na alitulea kwa sheria moja: anachofanyiwa mmoja, na mwenzake afanyiwe. Ukinunua gauni, nunua mawili. Ukimchapa mmoja, mchape na wa pili, kosa lake atalifanya baadaye. Na dawa. Hasa dawa. Mimi nikishikwa na homa, mwenzangu alikunywa vidonge vichungu vya malaria pamoja nami, akatapika pamoja nami, huku akilia kwamba yeye haumwi. Mayu alisema pacha ni nyumba moja yenye milango miwili, na ukifunga mlango mmoja tu umefanya kazi bure.

Alisema na jambo jingine. Alisema pacha hawaachani: mmoja akiondoka, wa pili humfuata. Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kwa sauti ile ile ya kukumbusha watu kwamba Jumapili kuna ibada, na sisi tulilala kitanda kimoja tukiwa tumelisikia.

Nilikua naichukia sheria hiyo. Mwenzangu aliizoea, au alikuwa mpole kuliko mimi, sijui. Yeye aliolewa ng'ambo, upande wa Sengerema, mimi nikabaki mjini nikafungua duka la nyavu na kamba, nikajenga kibanda changu juu ya kilima kati ya mawe. Nilidhani maji yaliyo kati yetu yanatosha kutufanya watu wawili.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa ugonjwa usiotajwa. Rasmi uliitwa changamoto ya upumuaji, na ukilitaja lile jina lake jingine msibani, watu walitazama chini kana kwamba umeangukwa na nguo mbele za wakwe. Misiba ilifuatana. Turubai liliondoka uwanja mmoja likaenda uwanja mwingine hata vumbi halijakung'utwa. Kitu ninachokikumbuka zaidi ni jinsi watu walivyokuwa wanakohoa: walikohoa ndani ya kiganja, haraka, halafu wakatazama pembeni kuona nani amesikia.

Mwenzangu akaugua. Shemeji alimvusha asubuhi na pantoni kutoka Busisi, na mimi nikaenda kumpokea Kigongo. Watu waliposhuka walimwachia njia pana kama ya bwana harusi. Hakuna aliyejitolea hata kubeba mfuko wake. Alikuwa anatembea na kusimama, anatembea na kusimama, na sentensi moja aliigawa mara tatu.

"Mwenzangu," akasema. "Usinisogelee. Kaa huko."

Nikamsogelea. Ningemwacha nani ambebe?

Kwenye zahanati walimpa dawa na kumwambia aende hospitali kubwa akawekewe oksijeni. Mayu akakataa. Alisema kule wamekwenda watu watatu wa mtaani kwake wakitembea na wamerudi wamebebwa, na hakusikia la mtu. Akatandika godoro chumbani kwake Buhongwa, akachemsha sufuria kubwa ya majani: mwarobaini, mchaichai, mpera, mkaratusi, na malimao yaliyokatwa vipande. Nyungu. Nani hakujifukiza mwaka ule? Hata wenye magari walijifukiza. Akaiweka sufuria katikati ya viti viwili vifupi, akamkalisha mwenzangu kiti kimoja, akaniita.

"Ingia na mwenzako."

"Mayu, mimi siumwi."

"Ndiyo maana unaingia. Huu mlango haujaguswa bado, tuufunge mapema."

Nilikuwa mtu mzima mwenye duka na mtoto wa sekondari. Ningeweza kusema hapana. Lakini nilimtazama mwenzangu pale kwenye kiti, midomo imebadilika rangi, na lile neno la utotoni likanijia lote: mmoja akiondoka. Niliogopa. Nikavua kitenge cha juu, nikakaa, magoti yetu yakagusana, na Mayu akatufunika blanketi lile zito la kijivu la marehemu baba, akalikanyaga pembeni ili mvuke usitoke.

Ndani kulikuwa na giza la joto. Majani yalikuwa yananichoma puani. Sikumwona mwenzangu, nilimsikia tu, karibu kabisa, akikohoa usoni kwangu, kikohozi kikavu kisichofika mwisho. Uso wangu ulikuwa na maji na sikujua yapi ya mvuke na yapi yake. Nje ya blanketi Mayu alikuwa anaimba nyimbo za mapacha, zile za kimila zenye matusi ya kuufukuza ubaya, maneno ambayo mwanamke wa kanisani kama yeye hayasemi siku nyingine yoyote. Alimtukana ugonjwa na mama aliyeuzaa. Nilitaka kucheka. Kisha ikafika mahali nikapoteza hesabu ya pumzi, sikujua tena ni nani anayevuta na nani anayetoa, nikainua mkono kujishika shavu nikagundua ninashika la mwenzangu.

Tulifanya hivyo asubuhi na jioni mpaka homa yake ikashuka. Akaanza kula, kwanza uji, halafu ugali na sato. Mayu akawaita wa jumuiya, wakasali, wakaimba, wakashukuru. Shemeji akaja kumchukua, wakavuka kurudi. Mimi sikuwa nimepiga hata chafya. Buhongwa nzima iliambiwa habari hiyo na Mayu, kisimani, sokoni, kanisani: yule aliumwa tukamponya, na huyu tulimkinga. Mimi nilikuwa ushahidi wake. Nilipokwenda kumtembelea, majirani walinitazama kwa heshima, kana kwamba nimefanya kitu.

Wiki zikapita. Ndipo mvuvi akairudisha kamba.

Baada ya macho ikaja homa. Haikuwa homa ya baridi na kutetemeka ninayoijua. Hii ilikaa tu mwilini haishuki, hata nikimeza vidonge. Tumbo likauma mpaka nikatembea nimejikunja. Vipele vikatoka kifuani na mikononi, vyekundu, haviwashi. Ulimi nao ukawa mwekundu, ukavimba. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Wakasema basi ni taifodi, na taifodi kwetu ni pale daktari anapokuwa hajui lakini hataki kukurudisha mikono mitupu. Nikachomwa sindano siku kadhaa. Mama wa genge jirani na duka akaacha kuniuzia mkononi. Alianza kuniwekea nyanya juu ya meza nizichukue mwenyewe.

Kisha siku moja, mchana kweupe, nilikuwa napanda kwenda nyumbani. Njia yangu inapita kati ya mawe, ni ya kupanda, na nimeipanda miaka yote nikiwa na ndoo kichwani. Siku hiyo nilifika kwenye jiwe la kwanza nikakaa. Nikapanda kidogo, nikakaa tena. Moyo ulikuwa unapiga masikioni, mwepesi na wa juu juu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua haina watu. Mikono ilikuwa ya baridi juani. Korongo wakubwa walikuwa wamesimama juu ya mawe kama wanavyosimama siku zote, na mmoja alishuka akaja karibu, akasimama, akainamisha kichwa kunitazama. Nikataka kumfukuza kwa mkono na mkono haukuinuka.

Huko chini ziwani vidudu vilikuwa vimepaa, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaonyanyuka kwa mamilioni mpaka unadhani maji yanaungua. Nguzo ya moshi mweusi ilisimama juu ya maji, ikainama, ikaanza kuja nchi kavu. Nilisikia watu wa chini wakifunga madirisha. Nikajua ninapaswa kujifunika. Vikanifikia, vikanipita, vikanijaa nywele na mdomo na macho yangu mekundu, na sikufumba. Nilikuwa nimesahau jinsi ya kufumba. Kulikuwa kimya sana. Nilijisikia nimeshaachwa nyuma na mtu, na sikumjua ni nani.

Jirani aliyekuwa anaanua nguo ndiye aliyeniona. Baadaye aliniambia alisita. Alisema alidhani ni jiwe limevaa kitenge, kisha jiwe likageuka likamtazama kwa macho yale.

Nilipata fahamu vizuri katika hospitali kubwa, wodi yenye madirisha yanayoangalia ziwa. Na nilipogeuza kichwa, nilijiona nimekaa pembeni ya kitanda.

Nilikuwa nimevaa kitenge cha kijani. Nilikuwa mzima, macho meupe, nimenenepa kidogo. Nilikuwa najitazama mimi niliyelala, kwa huruma, nikimenya chungwa. Wazo lililonijia halikuwa la woga. Nilifikiri: kumbe ni hivi, unatoka kisha unakaa hapo pembeni. Nikamuonea huruma yule aliyelala. Nikashangaa tu kwamba chungwa linanukia.

"Amka ule," nikaniambia.

Ilichukua muda nikumbuke kwamba nina pacha. Alikuwa amevuka ziwa aliposikia. Mama wa kitanda cha jirani hakuwa na pacha wa kukumbuka wala aliyemweleza. Yeye aliona mgonjwa amelala na dripu mkononi, halafu akamwona mgonjwa huyo huyo anaingia mlangoni na chupa ya chai. Alimwita nesi, akanong'ona. Jioni kitanda chake kilihamishwa upande wa pili wa wodi, na kila mwenzangu alipopita alijifunika shuka mpaka utosini. Mwenzangu alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Presha yangu ilikuwa chini mno. Walinipitisha kwenye kipimo cha picha ya moyo, kile cha kupakwa jeli ya baridi kifuani, na aliyekuwa akipima aligeuza kile kishikio huku na huku kwa muda mrefu. Moyo ulikuwa umevimba na unasukuma damu kivivu. Daktari wetu alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Kagera, Mhaya wa kuongea taratibu kwa Kiswahili kilichonyooka kama mgongo wa shati lake. Alikuja na karatasi zake, akakaa, akaniuliza kila kitu: kazi, chakula, maji ya kunywa, dawa za kienyeji, safari.

"Na ule ugonjwa wa kupumua, uliwahi kuupata?"

"Hapana. Aliyeumwa ni mwenzangu."

"Hata mafua? Kupoteza harufu? Kuchoka?"

"Sikupiga hata chafya, daktari."

Aliandika. Nilimwona ameufunga mlango huo. Akaanza kusema habari za figo, za ini, za vipimo vya kupeleka Dar es Salaam na majibu yatakayochukua muda, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba muda ndicho kitu ambacho sina. Mayu alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, mikono mapajani. Hakupenda daktari asielewe jinsi nilivyokuwa mzima. Akajipa zamu ya kusema.

"Huyu hakuugua kabisa, mwanangu," akamwambia daktari. "Huyu tulimkinga. Yule mwenzake alipoletwa hoi, mimi sikusubiri. Niliwaweka uso kwa uso, sufuria katikati, blanketi moja, sikuacha hata upenyo wa sindano. Asubuhi na jioni. Yule anakohoa, huyu anavuta dawa. Waulize watu wa Buhongwa. Huyu hakuguswa."

Kalamu ikasimama.

Daktari hakumtazama Mayu. Alinitazama mimi, kisha mwenzangu, kisha mimi tena. Mwenzangu aliinamisha uso, akawa anakusanya maganda ya chungwa moja moja. Nilimwona akielewa. Mimi nilielewa baada yake, kwa sababu nilikuwa na homa.

"Mbona umeacha kuandika?" Mayu akauliza.

"Naandika, mama. Hebu rudia hapo kwenye blanketi. Ilikuwa lini?"

Mayu akarudia, kwa fahari, bila kuacha kitu. Akamtajia hata majani. Daktari akaandika yote, akasimama, akamshika bega. "Umenisaidia sana, mama. Nilikuwa natafuta mbali." Na Mayu akaniangalia kwa jicho la unaona.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Sikumwambia mimi, hakumwambia mwenzangu, na daktari yule Mungu ambariki hakumwambia. Kilichoniweka kitandani ni mapenzi ya mama yangu, na kilichoniokoa ni majivuno yake, na yeye anajua nusu ya pili tu. Abaki hivyo.

Damu ilichukuliwa tena, wakatafuta alama za ugonjwa uliopita, wakazikuta. Daktari alirudi kunieleza Mayu akiwa ametoka.

"Ulikuingia na ukapita kimya," akasema. "Wewe hukujua. Lakini mwili wako ulijua, ukaamka kupigana umechelewa. Sasa hauna wa kupigana naye, na haukubali kulala. Unapiga chochote unachokikuta ndani. Macho, ngozi, tumbo. Umefika kwenye moyo."

"Na ugonjwa wenyewe uko wapi?"

"Haupo."

"Haupo tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unauza kamba zako ukiwa mzima."

Sikulala vizuri kwa habari hiyo. Kuuawa na kitu kilichopo, hilo mtu analielewa. Mimi nilikuwa nauawa na kitu kilichoondoka zamani, na anayenipiga ni mimi. Nikiweka kiganja kifuani nilisikia kazi inaendelea humo ndani gizani, ya bidii, ya mwanamke asiyejua kupumzika, na sikuwa na njia ya kumwambia aache. Nimeogopa vitu vingi maishani. Kujiogopa mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza.

Walinianzishia dawa kali za kuutuliza mwili. Siku mbili za mwanzo nilizidi kwenda chini. Presha ilishuka mpaka mashine iliyokuwa kichwani kwangu ikaanza kulia, manesi wakaja mbio, mmoja akainua miguu yangu, mwingine akatafuta mshipa usioonekana. Katikati ya mikono yao nilimtafuta Mayu. Nilimwona amesimama, mtulivu kabisa, na hakuwa ananitazama. Alikuwa amemgeuza mwenzangu dirishani. Anamshika paji la uso. Anamvuta kope la chini aone weupe. Anamwambia atoe ulimi.

"Mayu," nikasema, sauti ikatoka kidogo tu. "Mgonjwa ni mimi."

"Najua, mama," akanijibu bila kugeuka. "Tulia."

Nilikasirika. Nadhani hasira ile ilinisaidia kuliko dripu. Mwanamke mzima nakata roho, na mama yangu anamkagua mtu mwenye afya. Kila siku ilikuwa hivyo. Akiingia wodini alimsalimia daktari, akaniuliza nimeamkaje, kisha akamketisha mwenzangu kwenye mwanga akamkagua kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Akimaliza, uso wake ulikuwa umetakata, akafungua chakula tukala. Hakulia hata mara moja. Wagonjwa wengine walisema yule bibi ana imani. Alidai pia mwenzangu apewe vidonge vyangu nusu kwa nusu, na daktari alipokataa, alinuna siku nzima.

Homa ikashuka. Macho yakaanza kurudi meupe kutoka pembeni. Nikaruhusiwa na mfuko wa dawa na onyo la kutopanda kilima, kwa hiyo nikapelekwa Buhongwa, kwenye tambarare ya Mayu.

Huko ngozi ya vidole ikaanza kubanduka. Haikuuma. Ilitoka kwenye ncha za vidole vipande vizima, nyeupe, nyepesi, na chini yake kulikuwa na ngozi ya waridi isiyo na mistari. Nilizikuta ngozi zangu kwenye shuka, kwenye kikombe, kwenye kurasa za Biblia ya Mayu. Simu yangu ilikuwa imepotea siku ile ya mawe, nikaenda kwa kijana anayesajili laini chini ya mwavuli barabarani. Nikaweka kidole kwenye mashine. Akasema nifute. Nikafuta, nikaweka. Akasema niweke kingine. Tulimaliza mkono mmoja tukahamia wa pili.

"Mama, hausomi," akasema. "Inasema hakuna mtu."

"Mimi hapa niko wapi?"

Akacheka kwa adabu, hakunitazama machoni, akaniambia nijaribu mwezi ujao. Nikarudi nyumbani nimeshika mikono yangu mbali na mwili, kana kwamba ni ya kuazima.

Siku ya kliniki ikafika, ya kuangaliwa moyo kama umepona. Mayu alisema tunakwenda wote watatu, akampigia mwenzangu avuke. Mlangoni kwa daktari akasema huyu wa pili naye apimwe. Daktari akaeleza kwamba hakuna sababu, huyu aliumwa akapona, hana dalili. Mayu akasema basi hatuondoki. Walitazamana, Msukuma na Mhaya, na ninyi mnaojua makabila hayo mnajua ni ukaidi wa kiasi gani uliokuwa chumbani. Daktari akatabasamu, akampigia mwenzake wa kipimo.

Tulipimwa kitanda kimoja, mimi kwanza. Nilipoinuka, mwenzangu alilala kwenye joto langu. Nikasimama nikauona moyo wake kwenye kioo cha mashine, wa kijivu, unafunguka na kujifunga kwa nguvu, kama ngumi ya mtu anayekanda unga. Wangu nilikuwa nimeuona punde tu mahali pale pale. Ulikuwa unatikisika.

Baadaye daktari alitukalisha kwenye benchi nje ya chumba chake, mimi na mwenzangu tumekaa pamoja, Mayu amesimama mbele yetu na mkoba wake mkononi.

"Mama, utulie moyo," daktari akamwambia. "Huyu wa pili ni mzima kabisa. Hana kasoro."

"Asante Mungu," akasema Mayu. "Basi na huyu amepona."

"Huyu bado. Wake umechoka, mama. Umepata nafuu kidogo tu, na sehemu moja inaonyesha kovu. Tutauangalia. Unaweza kurudi, unaweza usirudi."

Mayu akatabasamu kama anayemsahihisha mtoto. "Daktari, umesema mwenzake mzima."

"Ndiyo."

"Sasa huyu atakufaje na mwenzake ni mzima?"

Ndipo nikajua kilichokuwa kinafanyika dirishani siku zote zile. Hakuwa amenisahau. Alikuwa anaangalia kama nitapona. Alimshika mwenzangu paji la uso, akalikuta halina homa, akajua kwamba mimi siendi popote, kwa sababu kifo hakina ruhusa ya kumchukua mmoja, na wa pili huyu hapa anakula chungwa. Mashine zilipolia alikuwa na ushahidi wake mkononi. Ndiyo maana alikula, akalala, hakulia. Katika ugonjwa wangu wote mama yangu hakuniogopea hata dakika moja.

Daktari hakujua. Alidhani anamfariji. "Mama, hawa ni watu wawili," akasema kwa upole. "Huyu ana moyo wake na huyu ana wake. Hata likitokea la kutokea kwa mmoja, huyu mwingine yuko salama. Hamfuati."

"Hamfuati."

"Hapana, mama."

Mayu alisimama pale. Watu walipita na mafaili yao. Nilisubiri afurahi, maana ni habari njema, miaka yote amebeba majeneza mawili kwa kila homa. Lakini alinigeukia mimi, na niliona uso ambao sikuwahi kuuona kwa mama yangu, uso wa mtu aliyeshtuka kwamba mlango ulikuwa wazi siku zote. Mkoba ukaanza kugonga gonga kwenye goti lake. Akamgusa mwenzangu begani, kwa mara ya kwanza bila kumtazama.

"Wewe sogea," akamwambia. "Nikae na huyu."

Mwenzangu akasogea mpaka mwisho wa benchi. Mayu akakaa katikati yetu, akampa mgongo, akaushika mkono wangu wenye ngozi mpya kwa mikono yake yote miwili, na akaanza kulia.